Je, Ukuta Ndio Unaochora Milia ya Elektroni?

Mapema mwaka 1925, katika maabara za Bell jijini New York, chupa ya hewa iliyopoozwa hadi kuwa kimiminika ililipuka karibu na kifaa cha Clinton Davisson na mwenzake Lester Germer. Bomba la kioo lililokuwa na ombwe likapasuka, hewa ikapenya, na kipande cha nikeli kilichokuwa ndani yake, kikiwa bado cha moto, kikaingia utando wa oksidi. Ili kuuondoa utando huo walikipasha moto mkali kwa muda mrefu, kisha wakarudi kwenye kazi yao ya kila siku, ambayo ilikuwa kuirushia nikeli elektroni na kuhesabu ni ngapi zinazorudi kwa kila pembe. Safari hii hesabu zilikataa kufanana na za zamani. Elektroni, ambazo awali zilitawanyika taratibu kwa pembe zote, sasa zilikuwa zinarundikana kwenye pembe chache na kuziacha nyingine karibu tupu. Kifaa kilipofunguliwa ilionekana kwamba moto ule ulikuwa umeziunganisha fuwele ndogondogo za nikeli zikawa fuwele chache kubwa.

Davisson alikuwa na maelezo yake tayari, aliyokuwa nayo tangu miaka kadhaa kabla ya ajali: mrundikano wa namna hiyo, aliamini, unatokana na jinsi tabaka za elektroni zilivyopangika ndani ya atomu za nikeli. Kwa maneno mengine, elektroni inayorushwa ni kipira kidogo, na kinachoipeleka huku au kule ni kile kitu ilichokigonga. Mjerumani kijana, Walter Elsasser, alikuwa ameandika mwaka huohuo wa 1925 kwamba vipimo vya Davisson vinaweza kusomwa kwa namna nyingine kabisa, yaani kama alama za mawimbi ambayo mwanafizikia Louis de Broglie alikuwa ameyapendekeza huko Paris mwaka mmoja kabla, aliposema kwamba kila chembe inaendana na wimbi lake. Davisson hakulichukulia jambo hilo kwa uzito hadi alipokwenda Oxford majira ya joto ya mwaka 1926, akakaa mkutanoni, na kumsikia mwanafizikia Max Born akivitaja vipimo vyake mwenyewe kama dalili ya mawimbi hayo. Alirudi New York, akapanga upya kazi, na mwaka 1927 yeye na Germer wakatangaza kwamba elektroni zilizosukumwa kwa volti 54 zinarundikana kwenye pembe ya nyuzi 50. Ukipiga hesabu kutokana na nafasi ya safu za atomu za nikeli, pembe hiyo inadai wimbi lenye urefu wa nanomita 0.165, na kanuni ya de Broglie, isiyojua lolote kuhusu nikeli, inatoa 0.167.

Nimeanza na Davisson kwa sababu karibu kila maelezo mbadala ninayokutana nayo kuhusu jaribio la mianya miwili ni Davisson wa kabla ya Oxford. Mtu anatazama milia ile kwenye kiwambo, anakataa kwamba elektroni moja inaweza kuwa wimbi, na kwa haki kabisa anatafuta mtuhumiwa mwingine. Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni ukuta wenye mianya. Swali lenyewe si la kipuuzi, na waliowahi kuliuliza ni pamoja na watu waliobobea. Ila linajibika.

Kwanza tuliweke jaribio mezani. Kuna chanzo kinachorusha elektroni, mbele yake kuna ukuta wenye mianya miwili myembamba iliyokaribiana, na nyuma ya ukuta kuna kiwambo kinachoweka alama kila elektroni inapotua. Kama elektroni zingekuwa changarawe, tungetegemea mafungu mawili, moja nyuma ya kila mwanya, au fungu moja pana iwapo mianya imekaribiana sana. Mawimbi hufanya mambo mengine. Maji yakiingia kwa milango miwili ya mwamba, kila mlango unatuma duara zake ndani ya wangwa, na duara hizo zinapokutana kuna mahali kilele kinapanda juu ya kilele na maji yanainuka, na kuna mahali kilele kinaangukia bonde na maji yanatulia. Kwenye kiwambo cha jaribio letu kinachoonekana ni milia: mstari uliojaa alama, mstari mtupu, mstari uliojaa tena. Hata hivyo kila elektroni inatua kama nukta moja nzima. Hakuna aliyewahi kuona nusu ya elektroni ikitua kushoto na nusu nyingine kulia. Fundo lote liko hapo, kwamba nukta ni za chembe ilhali mpangilio wa nukta ni wa mawimbi.

Kwa elektroni na mianya halisi iliyochongwa, jaribio hili lilifanywa kwa mara ya kwanza na Claus Jönsson katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1961. Mianya yake ilikuwa kwenye utando wa shaba, kila mmoja ukiwa na upana wa mikromita 0.3 hivi, na umbali kutoka mwanya hadi mwanya ulikuwa mikromita 1. Elektroni zilisukumwa kwa volti 50,000. Tufanye hesabu moja tu, kwa sababu tutaihitaji baadaye. Kwa msukumo huo urefu wa wimbi la elektroni ni nanomita 0.0054. Gawanya kwa umbali wa mianya, nanomita 1,000, na unapata pembe kati ya mlia na mlia: sehemu 5.4 kwa milioni. Ukiweka kiwambo mita moja nyuma ya ukuta, milia itaachana kwa mikromita 5.4, umbali ambao unywele wa binadamu unaufunika mara kumi na zaidi. Ndiyo maana Jönsson alihitaji lenzi za elektroni za kuikuza picha, na ndiyo maana jaribio ambalo wanafunzi wa sekondari hulifanya kwa mwanga na kadi iliyochanwa lilichukua zaidi ya miaka 30 tangu Davisson kufanywa kwa elektroni.

Sasa maelezo mbadala. Sidhani kwamba ni haki kuyakataa kwa sababu yanasikika ya ajabu, kwani maelezo yanayofundishwa vyuoni nayo ni ya ajabu. Kipimo kinachofaa ni kingine: ukibadilisha kitu kimoja katika jaribio, maelezo hayo yanasema milia itafanya nini?

Dhana rahisi kuliko zote ni ya msongamano. Elektroni zote zina chaji hasi na zinasukumana, kwa hiyo pengine zikipita nyingi kwa pamoja zinajipanga kwa milia kama umati unavyojipanga kwenye milango ya uwanja. Dhana hii inatabiri kwamba zikipita mojamoja milia itatoweka. Wataliano Merli, Missiroli na Pozzi walilifanya jaribio hilo huko Bologna katika miaka ya 1970, na mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, Japani, wakalirudia kwa namna iliyoacha picha ambazo sasa ziko katika vitabu vingi. Elektroni zao zilikuwa zinakwenda kwa kilomita 120,000 hivi kwa sekunde, na hazikuzidi 1,000 kila sekunde. Gawanya, na utaona kwamba elektroni moja ilikuwa mbele ya nyingine kwa zaidi ya kilomita 100, wakati kifaa chenyewe kilikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Yaani ya kwanza ilikuwa imekwisha tua na kuandikwa kabla ya pili kuondoka. Katika picha ya mwanzo kuna nukta kumi hivi zilizotapakaa bila mpango wowote, mithili ya matone ya kwanza ya mvua kwenye sakafu ya simenti. Zikifika mamia bado huoni kitu. Zikifika maelfu kadhaa unaanza kushuku, na zilipofika 70,000 hivi milia ilikuwa wazi kabisa. Dhana ya msongamano inaishia hapo.

Ya pili ni ya kingo, na hii ina mashiko zaidi. Elektroni ikipita karibu na ukingo wa mwanya inavuta chaji za kinyume ndani ya metali, metali nayo inaivuta elektroni, na njia yake inapinda. Nguvu hii ipo kweli. Katika majaribio ya kupitisha atomu kwenye nyavu zenye matundu ya nanomita, wanafizikia wameona jinsi mvuto wa kuta unavyobadilisha wingi wa atomu katika kila mlia, na wanaujumlisha kwenye hesabu zao. Kinachobadilika, lakini, ni wingi tu, maana pembe za milia zinabaki palepale, zikifuata urefu wa wimbi na umbali wa mianya bila kujali kama ukuta ni wa shaba au wa kitu kingine. Zaidi ya hapo, milia hiyohiyo imepatikana kwa nyutroni, ambazo hazina chaji, na mwaka 1999 ikapatikana huko Vienna kwa molekuli za kaboni zenye atomu 60 kila moja. Ingekuwa nguvu ya umeme kwenye kingo ndiyo inayochora, vitu vyenye tabia za umeme zilizotofautiana kiasi hicho visingefuata kanuni moja.

Lakini pigo kubwa kwa dhana ya kingo ni jambo dogo ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Mwaka 2013, kikundi cha Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoongozwa na Herman Batelaan kilitumia mianya miwili yenye upana wa nanomita 62 kila mmoja, ikiwa imeachana kwa nanomita 272, pamoja na kinga inayosogezwa taratibu ili kuziba mwanya mmoja, au wote, au kuiacha wazi yote miwili. Mwanya mmoja ukiwa wazi, elektroni zilitapakaa kwa upana bila milia. Yote miwili ilipoachwa wazi, milia ikajitokeza, na hii ina maana kwamba kuna mahali kwenye kiwambo ambako elektroni zilikuwa zinafika kupitia mwanya wa kushoto peke yake, na zikapungua baada ya kufunguliwa mwanya wa kulia. Chukua kalamu ujaribu kulieleza hilo kwa vipira vinavyogonga kingo. Kipira kilichopita kushoto kimeguswa na kingo za kushoto, na kufungua mlango mwingine kunaweza kuongeza vipira vingine, ila hakuna namna kunavyoweza kuvipunguza.

Hapo ndipo mtetezi mwerevu wa ukuta anapomtaja William Duane. Huyu alikuwa profesa wa Harvard aliyeshughulika na mionzi ya eksirei, na mwaka 1923, kabla ya de Broglie kuwasilisha tasnifu yake, alitoa wazo zuri sana. Fuwele, alisema, ina safu za atomu zinazojirudia kila baada ya umbali fulani, na kitu kinachojirudia hivyo hakiwezi kupokea au kutoa momenta (yaani wingi wa mwendo, masi mara kasi) kwa kiasi chochote kile. Kinaweza kufanya hivyo kwa mafungu tu, na kila fungu ni kigezo cha Planck, namba ndogo mno isiyobadilika katika fizikia, kugawanywa kwa umbali wa kujirudia. Chembe inapoigonga fuwele inapokea fungu moja, au mawili, au matatu, kamwe si moja na nusu, kwa hiyo inaondoka kwa pembe maalumu tu. Hakuna wimbi popote. Miongo kadhaa baadaye Alfred Landé alilishika wazo hili na kulitetea kwa nguvu kama maelezo ya kweli ya difraksheni ya elektroni, yaani kule kurundikana kwake kwenye pembe maalumu.

Hebu tulipime wazo hili kwa namba za Jönsson. Umbali wa mianya ni mikromita 1, kwa hiyo fungu la momenta ni kigezo cha Planck kugawanywa kwa mikromita 1. Elektroni yenyewe, kwa kanuni ya de Broglie, ina momenta ambayo ni kigezo hichohicho kugawanywa kwa nanomita 0.0054. Gawanya cha kwanza kwa cha pili na pembe inatoka sehemu 5.4 kwa milioni, sawasawa na tulivyopata kwa mawimbi. Kwa hiyo anayesema kwamba pembe za milia zinathibitisha mawimbi amekosea, kwa sababu zinaafikiana na Duane vilevile. Tena Duane ana jibu kwa swali la mwanya kufunguliwa na kufungwa. Kwake yeye ukuta mzima, pamoja na mianya yake yote, ndio unaotoa msukumo, na ukuta wenye mianya miwili ni ukuta tofauti na wenye mmoja. Nikiri kwamba nilipolisoma wazo hili mara ya kwanza nilikaa nalo siku kadhaa nikidhani kwamba limeshinda.

Lirudie jaribio la Nebraska, na safari hii angalia kinga ile ilikuwa wapi. Ilikuwa utando wa peke yake, uliowekwa nyuma ya ukuta wenye mianya. Ukuta wenyewe haukuguswa: mianya yote miwili ilikuwa ipo, umbali wao ni uleule, mafungu ya momenta ni yaleyale. Elektroni iliyotoka mwanya wa kushoto ilikuwa imekwisha kupata fungu lake na kuelekezwa kwenye mlia wake kabla ya kuifikia kinga. Kinga ikizuia zile za kulia, za kushoto zingepaswa kuendelea na safari na kuchora milia, hafifu kidogo kwa kuwa zimepungua, lakini milia. Milia haikuonekana. Mtu anaweza kuongeza kwamba kinga nayo ni ukuta na inatoa mafungu yake, na kwa kweli hesabu ya namna hiyo inawezekana, ila ukiifuata hadi mwisho utakuta umelazimika kuuhesabu ukuta na kinga kama vitu vya kwanta, yaani vya fizikia ya vitu vidogo kabisa, vyenye mawimbi yao. Kile kigezo cha Planck kugawanywa kwa umbali hakikushuka kutoka mbinguni. Kinatokana na sheria ileile ya mawimbi ambayo elektroni ilinyimwa. Wimbi limehamishwa kutoka kwa elektroni likapewa ukuta.

Na kuna majaribio ambayo hayana ukuta kabisa. Katikati ya miaka ya 1950, Gottfried Möllenstedt na Heinrich Düker, nao wa Tübingen, waliweka uzi mwembamba mno wenye chaji chanya katikati ya njia ya elektroni. Zinazopita kulia zinavutwa kidogo kushoto, zinazopita kushoto zinavutwa kulia, na makundi mawili yanakutana mbele. Tonomura alitumia mpango huohuo, ndiyo maana katika kifaa chake, ukisema kwa usahihi, hapakuwa na mianya. Hapa hakuna safu zinazojirudia wala umbali wa kugawia kigezo cha Planck. Mpangaji wa milia ni pembe ambayo makundi mawili yanakutania: ukiongeza volti kwenye uzi, pembe inapanuka na milia inasongamana, kama mawimbi yanavyotabiri. Uzi wenyewe ni mmoja, na nguvu yake kwa elektroni ni laini, isiyo na milia ndani yake.

Nitayapita haraka maelezo mawili mengine. Moja linasema kwamba ombwe limejaa mtikisiko usiokoma, na kwamba elektroni inayumbishwa na mtikisiko huo kama dau dogo kwenye maji yaliyochafuka. Edward Nelson alilipa wazo la mtikisiko wa namna hii umbo zuri la kihisabati mwaka 1966, ila ili lilingane na vipimo mtikisiko huo unalazimika kufuata kanuni iliyobebwa na wimbi la kwanta lenyewe. Jingine ni lile la ulimwengu mwingi, la Hugh Everett, 1957, kwamba kila tokeo linalowezekana linatokea katika ulimwengu wake, ambalo halikatai wimbi hata kidogo, bali linalikubali kupita kiasi. Hilo ni jibu la swali la nukta, yaani kwa nini tunaona mahali pamoja tu, na halihusiki na ugomvi wetu na ukuta.

Linalostahili kukaliwa ni lile la wimbi kiongozi. De Broglie alilipeleka kwenye mkutano wa wanafizikia wa Solvay, Brussels, Oktoba 1927, likapokelewa kwa ubaridi na maswali magumu ya Wolfgang Pauli, na mwenyewe akaliacha. David Bohm alilifufua mwaka 1952 katika makala mbili zilizoonyesha kwamba linafanya kazi. Kwa Bohm, elektroni ni chembe yenye mahali pake saa zote, na inapita kwenye mwanya mmoja tu. Pamoja nayo kuna wimbi halisi linalopita kwenye yote miwili, linajikunja, linakutana lenyewe kwa lenyewe, na kuiongoza chembe kama mkondo unavyoongoza chombo. Mwaka 1979 Chris Philippidis, Chris Dewdney na Basil Hiley walizichora njia hizo kwa kompyuta. Picha yake ina uzuri wa pekee. Kutoka kila mwanya njia zinafunguka kama mishipa ya ukuti, zinajipinda ghafla hapa na pale kuikwepa sehemu tupu, na zinakusanyika kwenye milia. Hakuna hata njia moja inayovuka mstari wa katikati. Nukta yoyote iliyo upande wa juu wa kiwambo, kwa mujibu wa Bohm, ilipita mwanya wa juu, basi.

Maelezo haya yanashinda kila mtihani tuliotaja, na sababu yake haina muujiza: yanatumia wimbi lilelile na yanatoa hesabu zilezile. Mwaka 2011 kikundi cha Toronto kilipima, kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, wastani wa njia hizo kwa vipimo hafifu, vinavyoigusa chembe kidogo tu, vilivyorudiwa mara nyingi, na wakapata mchoro unaofanana na ule wa 1979. Wengi walishangilia wakidhani Bohm amethibitishwa. Mimi nadhani walishangilia mapema, kwa kuwa fizikia ya kawaida nayo inautabiri wastani huohuo. Na Bohm anadai bei. Elektroni zikiwa mbili, wimbi kiongozi haliko tena katika nafasi hii tunayoishi yenye pande tatu; linaishi katika nafasi ya kihisabati yenye pande sita, na kinachofanywa kwa elektroni moja kinaigusa nyingine papo hapo hata zikiwa mbali. John Bell, aliyeipenda sana nadharia hii, ndiye aliyeonyesha mwaka 1964 kwamba bei hiyo haiepukiki kwa nadharia ya aina hiyo inayotaka kulingana na utabiri wa kwanta.

Kwa sababu wimbi kiongozi linapendeza, matone ya mafuta yalipoonekana kulifanya hadharani watu walisisimka. Yves Couder na Emmanuel Fort huko Paris waligundua kwamba tone la mafuta ya silikoni likidunda juu ya mafuta yanayotikiswa linatembea likiongozwa na viwimbi linavyovizalisha lenyewe. Mwaka 2006 wakatangaza kwamba likipitishwa kwenye mianya miwili linachora milia, kutokana na matukio 75 kwa ile mianya miwili, ambayo ni machache. Mwaka 2015 kikundi cha Denmark, akiwemo Tomas Bohr, mjukuu wa Niels Bohr, mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwanta, kilirudia kwa uangalifu zaidi na milia haikuonekana. Walitoa na hoja isiyohitaji maabara: weka kizuizi kirefu mbele ya ukuta, kikianzia katikati ya mianya na kurudi nyuma kuelekea chanzo, ili tone lilazimike kuchagua upande mapema. Viwimbi vya upande wa pili, ambako tone halipo, vitakufa njiani kwa kukosa wa kuvizalisha. Wimbi la elektroni halifi hivyo, kwa kuwa linapita pande zote mbili kwa usawa.

Mtihani wa mwisho nimeuhifadhi kwa sababu unawahusu wote kwa pamoja. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm, yule yule, walionyesha kwamba ukiweka sumaku iliyofungiwa kabisa kati ya njia mbili za elektroni, pasipo uga wake, yaani eneo la nguvu ya sumaku, kuvuja nje, milia itahama, ingawa hakuna nguvu yoyote iliyoigusa elektroni. Robert Chambers aliiona dalili ya kwanza mwaka 1960. Wapinzani wakaleta maelezo mbadala, na ukiyatazama ni yaleyale ya ukuta: bila shaka uga kidogo umevuja, na huo uliovuja ndio ulioisukuma elektroni. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 20. Tonomura aliujibu mwaka 1986 kwa pete ya sumaku yenye upana wa mikromita chache, iliyofunikwa pande zote kwa metali ya niobi. Ikipoozwa chini ya kelvini 9.2, baridi kali mno, niobi inapitisha umeme bila ukinzani wowote na kuufungia uga ndani usitoke. Isitoshe inaulazimisha uga huo kuwa wa mafungu kamili, na kila fungu moja ni la kuhamisha milia ya elektroni kwa nusu hasa. Kwa hiyo pete ikipoa kuna majibu mawili tu yanayoruhusiwa: milia inayoonekana kupitia tundu la pete ama imenyooka sambamba na ya nje, ama imehama nusu mlia kamili, giza likikaa penye mwanga. Pete zenye idadi shufwa ya mafungu zilionyesha la kwanza, zenye idadi witiri zikaonyesha la pili, na katikati hapakuwa na kitu.

Kwa Bohm na kwa vitabu vya chuo hilo ni hesabu ya mistari michache. Anayetaka kuuonyesha ukuta kidole itambidi aseme ni kitu gani kilichoigusa elektroni iliyopita kwenye tundu la pete hiyo, na kwa nini kiliigusa kwa nusu mlia kamili au hakikuigusa kabisa.